Alikwenda Zanzibar kula bata na skuta, akajikuta mkalimani wa ajali

Ukitaka kumjua Mkenya akiwa Mji Mkongwe, msubiri aagize chai. Dada mmoja wa Nairobi, miaka 28, begi mgongoni na raba zilizochoka, aliingia mgahawa wa Darajani siku yake ya kwanza akasema, "Nipe chai na chapo mbili." Mama wa mgahawa akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akamletea, halafu akamwambia taratibu, "Bibie, huku tunaomba." Tangu siku hiyo dada akawa anaomba kila kitu, hata chenji yake mwenyewe.

Alikuwa ameacha kazi mwezi uliopita. Basi la Nairobi mpaka Arusha, basi la Arusha mpaka Dar, kisha boti. Safari ya bei nafuu, ya kulala kwenye hosteli za vitanda sita chumba kimoja, kula urojo wa barabarani na kukwepa papasi pale Forodhani. Papasi wenyewe walimsumbua kidogo tu. Wakishasikia anajibu kwa Kiswahili wanacheka, wanamwachia. Tatizo lilikuwa chumbani. Wenzake wote walikuwa Wazungu, na kwao yeye alikuwa kitu kinachofaa sana: mtalii mwenzao anayeweza kuuliza bei.

Ndio hao waliomtia kwenye safari ya skuta. Kaka wa Kijerumani, mrefu, mcheshi. Dada wa Kiholanzi. Wahispania wawili, mtu na mpenzi wake. Na yeye wa tano. Muongoza watalii wa sita, kijana wa Unguja mwenye skuta yake mbele ya msafara. Siku nzima: msitu wa Jozani, msikiti wa Kizimkazi, pwani ya Makunduchi na Jambiani, mwisho kutazama jua likizama Michamvi. Kwenye picha za simu ilionekana raha tupu, na tusidanganyane, nusu ya kwanza ilikuwa raha kweli.

Hapa watu wa bara mtulie kidogo. Kwetu pikipiki ni bodaboda, haraka, makelele, na wodi ya mifupa. Unguja chombo cha magurudumu mawili kina historia nyingine. Vespa, iliyoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, imekaa pale miaka na miaka mpaka imekuwa kama mtu wa nyumbani. Utamwona mzee na kanzu yake ya Ijumaa anaiendesha wima kama yuko kwenye kiti cha ofisi. Utamwona mwalimu na mkoba wake katikati ya miguu. Wanawake wanaziendesha na mabuibui yao, wametulia, na hakuna anayegeuka kushangaa. Siku hizi kwa kukodisha zimejaa skuta nyepesi zisizo na gia: unavuta mafuta, inakwenda. Na urahisi huo ndio mtego wake. Mtu anayejua baiskeli anadhani anajua na hii.

Asubuhi ile ofisini kwa wenye skuta, jambo la kwanza lilikuwa karatasi. Wageni wasio na leseni ya kimataifa wanatakiwa kuwa na kibali cha muda cha Zanzibar, na hicho kilikuwa kimeshaandaliwa. Karatasi ya pili ilikuwa ya kampuni, kwa Kiingereza, kurasa mbili. Ndani yake kulikuwa na orodha ya bei: saitimira kiasi hiki, indiketa kiasi hiki, mkono wa breki, taa ya mbele, mkwaruzo mdogo, mkwaruzo mkubwa. Kijana wa ofisini akazizunguka skuta zote na simu akirekodi video ya kila mchubuko, taratibu, kama anampiga picha bibi harusi. Pasipoti zikabaki pale kama dhamana. Kisha helmeti zikagawiwa, na yule Mjerumani, ambaye hakuwahi kupanda pikipiki maishani, akafundishwa kwenye uwanja wa jirani. Dakika kumi. Akazunguka mara nne, akapigiwa makofi.

Dada wa Nairobi alijua kuendesha. Kaka yake alimfundisha kwa pikipiki ya gia huko kijijini kwao Machakos, kwenye vumbi na makorongo. Aliona Mjerumani anavyoshika breki ya mbele peke yake, tena kwa nguvu. Alimwambia. Jamaa akacheka, akainua dole gumba.

Wakatoka mjini kupitia Mnazi Mmoja, wakashika barabara ya Fuoni na Tunguu. Trafiki walisimamisha mara moja, wakakagua karatasi, wakawaruhusu. Jozani walifika kabla jua halijawa kali. Pale barabarani kuna matuta, na matuta yale hayakuwekwa kwa ajili ya binadamu. Kima punju, wale kima wekundu ambao hupatikana Zanzibar tu, huvuka barabara kutoka msituni kwenda mashambani upande wa pili, na magari yalikuwa yanawaua sana. Matuta yakawekwa miaka ya tisini, vifo vikapungua. Mwaka 2004 eneo lote mpaka ghuba ya Chwaka likawa hifadhi ya taifa. Muongozaji alieleza yote haya vizuri, kwa Kiingereza safi, na wageni wote watano walipita kwenye yale matuta mwendo wa konokono wakitafuta kima wa kupiga picha.

Kizimkazi Dimbani walikula samaki, wakauona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, mkongwe kuliko karibu kila kitu walichokuwa wameona Mji Mkongwe. Kisha wakaondoka kuelekea Makunduchi. Hapo ndipo msafara ulipoanza kuvutika.

Kuna jambo ambalo waendesha misafara wote wanalijua na wateja hawaambiwi. Kwenye msururu wa pikipiki, wa mbele akienda 50, wa mwisho hubidi aende 70. Kila aliye mbele akipunguza kwenye kona halafu akaongeza, pengo linakua, na linalipwa na wa nyuma. Ndio maana safari ya maana huwa na watu wawili wa kazi, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa, na mgeni dhaifu huwekwa wa pili, karibu na kiongozi. Msafara huu ulikuwa na kiongozi mmoja tu. Wa pili mpaka wa nne walikuwa Wahispania na Mholanzi. Wa tano dada wa Nairobi. Wa sita, mkiani, Mjerumani, kwa sababu alikuwa anasimama kupiga picha.

Ilikuwa kama saa tisa na nusu. Kijiji kidogo, nyumba za mawe ya matumbawe, watoto wanatoka chuo. Kwa wasiojua, huko chuo ni madrasa, si mambo ya digrii. Mabinti wadogo wenye shungi nyeupe na vijana wa kofia wanatembea pembeni ya lami kwa makundi. Muongozaji akapunguza, akapita. Wahispania wakapita. Dada wa Nairobi akapita, akapiga honi kidogo, watoto wakampungia mkono. Kisha akaangalia kwenye saitimira.

Alichokiona ni Mjerumani anakuja mbio kuziba pengo, mchanga pembeni ya lami, breki ya mbele, skuta inalala. Mkono wa usukani ulimchota mtoto mmoja.

Walio mbele hawakujua. Waliendelea. Dada akageuza peke yake.

Binti alikuwa na miaka saba hivi. Alikaa chini ameushika mkono wake wa kushoto, hajalia bado, anashangaa. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye nyumba. Mjerumani alikuwa amepiga magoti, damu kwenye kiwiko chake, anatetemeka mwili mzima, na katika kuchanganyikiwa kwake akamgeukia mwanamke wa kwanza aliyefika akamwambia maneno pekee ya Kiswahili aliyokuwa nayo.

"Hakuna matata. Hakuna matata."

Jamani. Hebu fikiria umesimama hapo, mtoto wako au wa jirani yako yuko chini, na aliyemgonga anakwambia hivyo. Wanawake wakanyamaza. Kimya kile dada anasema alikiogopa kuliko kelele. Yeye alijua kwamba kijana wa watu alimaanisha samahani, alimaanisha Mungu wangu nimefanya nini. Lakini hakuna aliyemfundisha neno hilo. Kwenye fulana za Forodhani halipo. Na maneno yale wala si ya mtaani Unguja, ambako watu husema hamna tabu. Yalisambazwa duniani na kibao cha Jambo Bwana cha bendi ya Kenya, Them Mushrooms, mwaka 1982, halafu sinema ya Marekani ikamalizia kazi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa namna fulani ni bidhaa kutoka kwao dada.

Akavua helmeti. Akasema, "Shikamooni." Wakaitikia wawili watatu, kwa baridi. Wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, kwa Kikae, lahaja ya upande ule wa Makunduchi, na yeye na Kiswahili chake cha Nairobi akawa anashika neno moja katika matano. Bibi mmoja akamsogelea, akamuuliza kwa Kiswahili cha kueleweka:

"Wewe ni wa kwao au wa kwetu?"

"Mimi ni mgeni, mama. Lakini nimeona."

Bibi akamtazama. "Haya. Basi kaa hapa."

Muongozaji alirudi baada ya kama dakika kumi, uso umempauka. Alimwamkia kila mkubwa, akauliza mtoto ni wa nani, akafanya yote yanayotakiwa. Kisha akampigia bosi. Simu yake spika yake ya sikioni ilikuwa mbovu, anaongea kwa sauti ya nje, kwa hiyo wote pale walisikia swali la kwanza la bosi: "Skuta ina hali gani?"

Mama wa mtoto alikuja kutoka pwani, kanga imelowa mpaka kiunoni. Maji yalikuwa yamekupwa na alikuwa anasaka pweza. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wa mwanawe, akaupapasa, akajua. Sheha naye akafika. Gari ya jirani ikatafutwa, na kwa kuwa wote walikuwa wanamwangalia dada kana kwamba yeye ndiye mkubwa wa wageni, akapanda na yeye pamoja na Mjerumani na muongozaji. Mhispania alikuwa ameuliza kwa upole kabisa kama bado wana muda wa kuwahi Michamvi kabla ya jua kuzama. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amelipa.

Njiani kwenda hospitali ya Makunduchi ndipo muongozaji alipomnong'oneza.

"Dada, naomba. Wewe wanakusikiliza. Tukifika mwambie daktari mtoto kaanguka mpera."

Kwa msomaji asiyeishi Tanzania: majeruhi wa ajali au wa kupigwa akifika hospitali anatakiwa kuwa na PF3, fomu ya polisi. Fomu ikishajazwa, jambo ni la polisi. Kuna jalada, kuna maelezo, chombo kinazuiwa kama kielelezo, mgeni anaweza kuambiwa asisafiri kwanza. Mtoto akianguka mpera, anafungwa mkono, mnarudi nyumbani. Muongozaji alikuwa na hesabu zake zote kichwani. Analipwa kwa safari, hana mkataba. Bosi atasema aliwaachia wageni wakimbize. Ana mtoto wa miezi minne. Mjerumani naye, aliposikia maana ya mpera, akasema yuko tayari kutoa euro mia mbili saa hiyo hiyo, cash. Mama mdogo wa binti, aliyekaa mbele, hakupinga sana. Alitaka mkono ufungwe haraka, na polisi kwake ilimaanisha kuzungushwa.

Ni rahisi kusema hapa kwamba uongo ni uongo. Ila angalia upande wa pili wa shilingi. Chombo cha moto barabarani lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa aliyegongwa, na bila ripoti ya polisi hakuna dai. Mgeni yeye ana ya kwake: tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima ya dola 44, akiumwa au akipata dharura ipo. Skuta ina orodha yake ya bei, mpaka mkwaruzo mdogo. Aliyeanguka mpera ana nini? Dada hakuwa na majibu yote hayo kichwani wakati ule. Alikuwa na swali moja tu: akishasema uongo ule kwa Kiswahili, utakuwa wa nani? Mjerumani hatausikia. Muongozaji hatakuwa ameusema. Utabaki mdomoni mwake.

Hakujibu kitu.

Muuguzi aliwapokea, akauliza, "Kapatwa na nini?" Wakubwa wanne wakaangalia sakafu. Muongozaji akamwangalia dada. Dada akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno binti akasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejibu swali rahisi la darasani:

"Nimegongwa na Mzungu wa pikipiki. Alikuwa anakimbia."

Basi. Mtoto akaanza kuhudumiwa, wakubwa wakaenda kituoni.

Kule ndiko ilikokuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alitakiwa kutafsiri kweli. Mjerumani alisema mtoto alitokea ghafla. Dada akamuuliza, una uhakika? Walikuwa watoto thelathini pembeni ya barabara, sote tuliwaona. Akasisitiza, alitokea ghafla. Dada akamgeukia askari akatafsiri neno kwa neno: "Anasema mtoto alitokea ghafla." Askari akaandika. Akainua kichwa.

"Na wewe uliona nini?"

Akaeleza alichokiona kwenye saitimira. Mwendo, mchanga, breki, watoto waliokuwa pembeni na siyo katikati. Mjerumani akauliza kwa Kiingereza, umemwambia nini? Akajibu, nilichoona. Jamaa hakuongea naye tena mpaka Mji Mkongwe, na usiku ule alihamia hosteli nyingine.

Yaliyofuata hayana maajabu. Mkono ulikuwa umevunjika sehemu moja, ukafungwa hogo. Kijana wa Kijerumani, na apewe haki yake, hakukimbia. Alilipa matibabu, alirudi kijijini siku ya tatu, na mbele ya sheha na mama wa mtoto mambo yakamalizwa kwa maelewano. Safari hii alikuwa amejifunza neno lenyewe. Alisema samahani, na alilisema vizuri. Wenye skuta walimkata pesa ya saitimira, indiketa na mkwaruzo mkubwa, bei kama zilivyoandikwa. Muongozaji aliambiwa apumzike kwanza, ataitwa. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi bila mkataba anaijua hiyo "utaitwa".

Dada aliahirisha boti yake. Mara mbili alipanda daladala ya 310 kwenda Makunduchi, amebanwa kati ya ndoo za samaki na magunia, akashukia kijijini na biskuti na boksi la juisi. Mara ya kwanza mama alimpokea kwa adabu tu. Mara ya pili alimkalisha jikoni wakawa wanakuna nazi, na kila dada akifungua mdomo mama anacheka mpaka anashika mbavu, jinsi Kiswahili kinavyosemwa huko Nairobi. Binti alitaka aandikwe jina kwenye hogo. Aliuliza kama Nairobi kuna pikipiki nyingi. Aliposikia zilivyo nyingi, akauliza, sasa watoto wanapita wapi?

Siku ya kuondoka, dada yuko bandarini, ujumbe wa kampuni ukaingia kwenye simu. Unamshukuru kwa kusafiri nao, unamwomba atoe maoni yake mtandaoni, nyota tano zitawasaidia sana. Akaanza kuandika. Aliandika kuhusu mtu wa nyuma ambaye hakuwepo, dakika kumi za uwanjani, swali la kwanza la bosi. Kabla hajamaliza ukaingia ujumbe mwingine, wa muongozaji. Alikuwa amejua tu. "Dada naomba usiandike kitu. Wataona ni mimi nimekwambia. Jumatatu nimeitwa."

Akafuta. Akaandika tena, kwa ufupi. Akafuta tena. Boti ikatoka, na katikati ya bahari mtandao ukakata.

Ukurasa wa kampuni ile upo mpaka leo, nyota nne na nusu. Maoni ya safari ile yapo ya mtu mmoja tu, yule Mhispania. Ameandika kwamba muongozaji alikuwa mkarimu, chakula kilikuwa kizuri, ila kwa bahati mbaya walichelewa wakakosa jua la Michamvi.